Mikono yangu ilikuwa ya manjano tangu zamani

Nauza viungo katika soko la Mgandini, hapa Tanga, mwaka wa 17 sasa. Meza ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akishuka na iliki na pilipili manga kutoka Amani. Alimwachia mama, na mama miguu ilipomshinda akaniachia mimi. Anayepima manjano ya unga kutwa nzima hujulikana kwa vidole. Rangi huingia chini ya kucha na kwenye mistari ya viganja. Ukinawa inapungua tu, haitoki. Nayasema haya mapema kwa sababu ugonjwa ulipoanza kunibadilisha rangi, mikono hii ndiyo iliyouficha.

Kilichoanza ni magoti. Kusimama juu ya sakafu ya saruji tangu alfajiri hadi Magharibi, miaka yote hiyo, si kitu cha mzaha. Daktari alisema gegedu limelika, akaniandikia diklofenaki, dawa ya maumivu. Nilimeza wiki mbili, tumbo likaniwaka moto, nikaacha. Januari binamu yangu akaja kutoka Dar es Salaam na begi la makopo meupe yenye mfuniko wa kijani, picha ya manjano mabichi yaliyokatwa vipande mbele yake. Kila kopo lilikuwa na vidonge 60. Alikuwa ameingia kwenye biashara ya kuunganishana: unatoa 400,000, unapewa makopo 10, unauza kila moja 65,000, na ukimleta mwenzako unapata chochote. Nilichukua pesa za kikoba, nikalipa.

Niliingia kwa kujiamini. Binamu yangu hajawahi kushika mche wa manjano, mimi nimeupanda kwa mkono wangu kwa bibi, nimeuchimba, nimechemsha mizizi yake, nimeianika na kuitwanga. Aliponiambia ni manjano tupu na pilipili manga kidogo, nilimwambia hapo umekuja penyewe, hivyo vyote nimekula tangu nimeota meno. Nyuma ya kopo paliandikwa kwamba kila kidonge kina miligramu 500 za kiini cha manjano, asilimia 95 kurkuminoidi, yaani vile vitu vinavyoyapa manjano rangi yake, na miligramu 5 za piperini, kile kinachoipa pilipili manga ukali. Nilisoma nikapita. Zile namba ndizo zilizokuwa habari yote, na mimi, ninayepima gramu kila siku ya Mungu, sikuzipima.

Sitasema uongo, magoti yalipoa. Vidonge viwili kwa siku, wiki ya tatu nikawa nachuchumaa bila kushika meza. Ndiyo maana nikaanza kuuza kwa moyo mmoja. Wateja waliniona mwenyewe nanyanyuka, wakataka. Mwezi wa pili binamu akanipigia, akasema mwili ukishazoea huwa unataka kuongezewa, akanishauri vinne. Nikaongeza.

Wiki ya tisa nikachoka, uchovu wa kukaa chini na kushindwa kuamka. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ikawa inanitapisha, mimi niliyekulia jikoni. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, choo kikapauka kama udongo wa mfinyanzi. Usiku nilijikuna viganja na nyayo mpaka damu, bila kipele hata kimoja. Nikampigia binamu. Akaniambia nisiogope, hizo ni sumu zinatoka, mwili unajisafisha, ukiacha sasa sumu zitarudi ndani. Akanitumia na chai ya kusafisha ini, pakiti 30 kwa 40,000.

Nilipoifungua ile pakiti nikaijua harufu. Majani membamba, yamechongoka, ya kijani kilichofifia: sanamaki. Ninayo mezani pangu, nawauzia watu waliofunga choo. Bibi alikuwa akisema sanamaki ni ya siku mbili tatu, basi. Kwa nini? Kwa sababu inauharisha utumbo, na ukiinywa wiki baada ya wiki unapoteza maji na potasiamu, madini ambayo moyo unayategemea ili upige sawasawa. Nililijua hilo la bibi, nikainywa siku 12 kwa kuwa pakiti imeandikwa kwa herufi za dhahabu. Hili bado linaniuma kuliko vidonge vyenyewe.

Nilikwenda kwanza kwenye zahanati ya karibu. Wakaniambia taifodi, wakanipa antibayotiki na parasetamoli. Nikaulizwa kuna dawa natumia, nikajibu hakuna. Sikuwa nadanganya. Akilini mwangu dawa ni ile ya daktari. Manjano ni chakula, na chai ni chai. Nikameza parasetamoli za watu siku nne juu ya ini ambalo tayari lilikuwa linaungua.

Aliyeniona ni mteja. Alikuja kununua mdalasini asubuhi, jua limeingia upande wa meza, akaninyooshea pesa kisha mkono ukaganda. Akasema, "Dada, hebu nitazame. Macho yako yana nini?" Nikachukua kioo cha jirani yangu anayeuza mikanda ya saa. Pale penye weupe pamekuwa rangi ya nanasi lililoiva. Nikatazama mikono, nikaona ya siku zote. Nikapandisha mkono wa gauni hadi kwenye bega, mahali ambapo unga haufiki, na huko nako ni njano. Wiki mbili au tatu nzima mume wangu, wanangu, wenzangu wa sokoni, hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo, mama wa manjano.

Hospitali nililazwa siku tano. Kipimo cha ini kinachoitwa ALT, ambacho kwa mtu mzima huwa kama 40 au chini yake, changu kilikuwa 1,140. Wakatafuta homa ya ini A, B, C na E, hakuna. Wakapiga picha ya altrasaundi kutazama mawe kwenye nyongo, hakuna. Daktari kijana, umri wa mwanangu wa kwanza, akavuta kiti. Akaniamkia, akasema, "Mama, sitakuuliza dawa. Niambie kila kitu kilichoingia mdomoni mwako tangu mwaka mpya, ukiondoa wali, ugali na maji." Nikaanza kutaja. Nilipofika kwenye kopo akaweka kalamu chini, akamwambia mwanangu arudi nyumbani alete kila chombo, hata kilichokwisha, hata pakiti za chai zilizotupwa.

Swali lile ndilo ningependa kila muuguzi alijue. Na wewe mgonjwa usisubiri kuulizwa hivyo. Beba makopo yenyewe kwenye mfuko uyaweke mezani kwa daktari, kwa sababu kichwa cha mgonjwa kinasahau majina, na lebo ina mambo ambayo wewe huwezi kuyasema.

Alinieleza kwamba hakuna kipimo kimoja kinachoandika "huyu kaumizwa na mmea". Wanaondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine, wanahesabu siku tangu uanze, kisha wanakuachisha na kutazama kama ini linashuka. Kwangu lilishuka. Wiki moja baada ya kuacha ALT ilikuwa 610, mwezi mmoja 180, miezi mitatu 38. Umanjano wa macho ulichelewa zaidi, na kuwasha kulikaa wiki sita. Akanionya nisithubutu kujaribu tena hata kidonge kimoja, kwani mara ya pili ini huweza kuumia haraka na vibaya zaidi. Akajaza na fomu ya kupeleka taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, akaandika na namba ya toleo iliyokuwa chini ya kopo. Laiti ningekuwa nimeyatupa yale makopo, isingekuwepo namba ya kuandika.

Matibabu, vipimo, kitanda na marudio vilifika 860,000. Bima sikuwa nayo. Ukijumlisha na mtaji wa makopo na chai, ni 1,300,000, na meza ilifungwa wiki saba.

Mama yangu hakukubali. Alikaa kitandani kwangu akasema madaktari wa siku hizi wana chuki na vya asili, sisi tumekula manjano toka kwa bibi zetu, nani aliwahi kuugua ini kwa mchuzi? Sikuwa na jibu. Nilipopata nguvu nikajibu kwa mizani, ile ndogo ya gramu ninayopimia zafarani. Manjano ya unga yana kurkuminoidi kama asilimia 3, mengine yanazidi kidogo, mengine yanapungua. Kidonge kimoja kilikuwa na miligramu 475 za kitu hicho hicho, yaani sawa na gramu 15 au 16 za unga. Nikamwomba mama anipimie manjano anayotia kwenye mchuzi wa nyumba nzima. Akachota kijiko cha chai: gramu 3, kwa watu wanane. Kisha nikaweka sinia, nikamimina unga mpaka mizani ikasoma 62. Vidonge vinne. Ilikuwa kilima. Mama akakitazama kimya, akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akasema, "Hiki umekula wewe peke yako? Kila siku?"

Na hapo bado hujatia ile piperini. Manjano kwa tabia yake hayaingii mwilini kwa urahisi. Sehemu kubwa hupita na kutoka, na kidogo kinachoingia ini hukimaliza upesi. Pengine hiyo ndiyo salama yetu ya miaka yote. Mwaka 1998 watafiti wa India walitoa matokeo kwamba gramu 2 za kurkumini, ile kurkuminoidi iliyo kuu, zikimezwa pamoja na miligramu 20 za piperini, kinachoonekana kwenye damu kinaongezeka mara 20. Watengenezaji wakaishika habari hiyo kama sifa, na kwenye karatasi ya binamu yangu ilikuwa mstari wa kwanza. Vidonge vyangu vinne vilibeba miligramu 20 zile zile. Piperini huzuia vimeng'enya ambavyo mwili hutumia kuvunja na kutoa vitu, na dawa nyingi za hospitali hupita mlango huo huo. Kwa hiyo mtu anayemeza dawa ya kifafa, kwa mfano, anaweza kujikuta dawa yake imepanda kwenye damu bila kuongeza kidonge.

Huko nje haya yamekwisha kuonekana. Italia, baada ya watu kadhaa kupata homa ya ini isiyo ya virusi, wizara yao ya afya mwaka 2019 iliagiza lebo za virutubisho vya manjano ziwaonye wenye matatizo ya ini na nyongo. Marekani, mtandao wa madaktari wanaofuatilia ini kuumizwa na dawa ulieleza mwaka 2022 wagonjwa 10 wa manjano, mmoja wao alifariki, na 7 kati yao walikuwa na alama moja ya kurithi kwenye kinga ya mwili, inayoitwa HLA-B*35:01. Hiyo ni sababu mojawapo watu wawili wanaweza kumeza kopo moja, mmoja akapona magoti na mwingine akalazwa. Ushuhuda wa jirani kwamba "mimi nimetumia na sijadhurika" ni wa kweli, ila unahusu mwili wake.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi. Nilikuwa nimeuza makopo matano kwa wanawake wanne.

Siku niliyoweza kutembea bila kupumzika njiani nilianzia kwa shangazi yangu, Makorora. Shangazi ana moyo usiopiga sawasawa, anameza warfarini ili damu isigande. Nilimuuzia kopo nikilijua hilo, wallahi, ila sikuliunganisha. Nilimkuta ufizi unatoka damu akipiga mswaki, na paja lina jeraha la bluu ambalo hakumbuki alijigonga wapi. Kadi yake ya kliniki inatakiwa isome INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, kati ya 2 na 3; tulipompeleka kesho yake ilisoma 4.8. Na mkanganyiko haukuishia hapo. Nilikuwa nimemuuzia pia unga wa mlonge wa kutia kwenye uji, anaunywa akikumbuka. Mboga za majani ya kijani zina vitamini K, ambayo huvuta kinyume cha warfarini. Basi nilikuwa namvuta mgonjwa kamba huku na huku, kwa mikono miwili, nikiamini namsaidia. Daktari wake hakumkataza mlonge wala mchicha. Alimtaka ale kiasi kile kile kila wiki ili dawa ipimwe kwa hicho. Kopo alimwambia aache. Nilimrudishia shangazi 65,000, akanirudishia nusu, nikaiacha chini ya mto wake.

Wa pili, fundi cherehani, ana kisukari, anameza glibenklamidi na huloweka uwatu kila usiku. Uwatu unaweza kushusha sukari, na ukikutana na vidonge vinavyoshusha, mtu anaweza kuishiwa nguvu akiwa juu ya cherehani. Nilipomwuliza akasema jasho la baridi na kutetemeka alfajiri vilishamtokea mara mbili, akadhani ni mawazo. Sasa ameliongea kliniki, kipimo cha dawa kimetazamwa upya. Jirani yetu wa mlango wa pili hakuwa na tatizo lolote, na alikasirika kwamba namnyang'anya kitu kinachomfaa. Nilimwomba apime ini kwa gharama yangu. Lilikuwa zima. Akanipa kopo, ila kwa wiki nzima hakunisalimia.

Sijaacha mitishamba, na sitaki mtu asome hapa aondoke akitupa tangawizi. Viungo vya jikoni nauza na napika. Ninachotofautisha sasa ni mmea na kiini chake kilichokamuliwa. Ukiona kwenye lebo "10:1", maana yake kilo 10 za mmea mkavu zimekamuliwa zikawa kilo moja. Ukiona asilimia, jua wamechagua kitu kimoja ndani ya mmea wakakikusanya, mara nyingi kwa kuloweka kwenye spiriti au vimiminika vya kiwandani. Kaa chini uhesabu kiini hicho ni sawa na vijiko vingapi vya kitu unachokijua. Kopo lililoandika "mchanganyiko maalumu" bila kutaja kila mmea ni kiasi gani, liache dukani. Lisilo na namba ya toleo wala tarehe, liache. Linalodai kutibu, uliza namba ya usajili, maana dawa ya asili nayo inasajiliwa nchini kwetu, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya mwaka 2002. Na chochote cha mitishamba kinachofanya kazi kwa saa moja, kiwe cha nguvu za kiume au cha maumivu ya viungo, kiogope. Mamlaka za nchi nyingi zimekuta humo sildenafili na deksamethasoni, dawa za hospitali zilizosagwa na kufichwa.

Hata mmea wenyewe, uhakikishe ni huo. Mdalasini wetu wa Amani una gome jembamba, linajikunja tabaka juu ya tabaka, ukilibonyeza linavunjika kama bagia kavu. Ule mwingine wa kutoka Asia, kasia, ni mnene, mgumu, umejikunja mara moja tu, na una kumarini nyingi, ambayo ikizidi huumiza ini. Ukishasagwa huwezi kuwatofautisha kwa macho, ndiyo maana mimi sasa nauza magome mazima tu, atakaye unga nasaga mbele yake. Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliotumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene waliharibikiwa figo, kwa sababu mmea mmoja wa Kichina uliwekwa mahali pa mwingine wenye jina linalokaribiana. Mimi muuza viungo najua jinsi hilo linavyotokea. Gunia linakuja na jina la kienyeji, kila kijiji na jina lake, na wewe unamwamini aliyelileta.

Binamu yangu aliacha ile biashara baada ya kuniona hospitalini. Tumesameheana. Naye alikuwa anameza.

Amebaki mmoja. Ni mama wa makamo, mrefu, mwenye kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Alikuja sokoni mwezi wa Februari siku ya Alhamisi, akaniambia anatoka Pongwe na anafuata daladala ya saa kumi. Alichukua makopo mawili, moja lake na moja la dada yake, akalipa taslimu, sikuchukua namba yake ya simu. Nimekwenda Pongwe mara tatu, nimeuliza stendi na kwenye maduka ya kituoni. Kopo ni jeupe, mfuniko wa kijani, picha ya manjano yaliyokatwa. Ukimfahamu, mwambie aache vidonge, dada yake naye aache, wapime ini hata kama hawaumwi popote, na waende na makopo hayo. Pesa yake 130,000 iko kwenye bahasha chini ya mizani, meza ya tatu ukiingia mlango wa upande wa viungo.